168/061: jinsi Kitengela ilivyoingia kwenye ghala la picha za setilaiti

Leo tuweke kando programu za simu tuzungumzie namba moja tu: 168/061. Kama unaishi Kitengela, Isinya, Ngong, Kiserian au Kajiado mjini, hiyo ndiyo anwani yako angani. Setilaiti za Landsat huigawa dunia kwa njia 233 zinazoshuka kutoka kaskazini kwenda kusini, na kila njia hukatwa vipande vinavyoitwa mistari. Njia ya 168, mstari wa 61, ni kipande cha takriban kilomita 185 kila upande, na ndani yake wamo Nairobi yote, Machakos na sehemu kubwa ya kaskazini ya Kajiado. Namanga na Amboseli wako kipande kinachofuata, 168/062. Magadi iko ukingoni, karibu na njia ya jirani, 169/061. Kwa hiyo anayetaka picha ya kaunti nzima ya Kajiado lazima akusanye vipande kadhaa, tena vya tarehe tofauti.

Anwani hiyo ina historia, na historia yake inagusa ardhi ya watu. Ndiyo maana nimeona tuifuatilie kutoka mwanzo.

Landsat ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Wakati huo namba zilikuwa nyingine, kwa sababu mzunguko ulikuwa wa siku 18 na njia zilikuwa 251. Kitengela ilikuwa 180/061. Ukitafuta picha za miaka ya 1970 kwa kutumia namba ya sasa, utaambiwa hakuna kitu, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Picha zipo. Nukta moja ya picha, yaani pikseli, ilikuwa na upana wa karibu mita 80. Tuipime kwa kipimo tunachokijua: ploti ya futi 50 kwa 100. Pikseli moja ya mwaka 1972 ingemeza ploti kama 13 na nusu hivi. Bahati nzuri ni kwamba Kitengela ya wakati huo haikuwa na ploti za kumezwa. Ilikuwa mbuga, mifugo na nyumbu waliotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi msimu wa mvua, wakavuka mto Mbagathi kuelekea tambarare za Athi-Kaputiei.

Kuagiza picha wakati ule kulikuwa kazi ya taasisi. Ghala lilikuwa (na bado liko) Sioux Falls, Dakota Kusini, Marekani. Ulipekua orodha, ukajaza fomu, ukalipa, kisha ukangoja posta ikuletee picha ya karatasi au utepe wa sumaku ambao ulihitaji kompyuta kubwa kuusoma. Nairobi ilipata kituo chake cha kanda cha upimaji na ramani mwaka 1975, kile tunachokijua leo kama RCMRD pale Kasarani. Serikali nayo ikaanzisha kitengo cha kuchunguza nyanda za malisho, ambacho baadaye kikawa DRSRS, na tangu mwaka 1977 kimekuwa kikihesabu wanyama na mifugo kwa ndege ndogo. Huu ni mchanganyiko mzuri kuliko watu wanavyodhani: setilaiti inakuonyesha ardhi, lakini haihesabu nyumbu.

Sasa tufike kwenye sehemu inayonikera.

Tarehe 1 Machi 1984 ilirushwa Landsat 5, yenye pikseli ya mita 30. Ploti zetu mbili hivi kwa pikseli, maendeleo makubwa. Lakini Landsat 4 na 5 hazikubeba kinasa sauti, au tuseme kinasa data, kama zile za kwanza. Picha ilipaswa kutumwa papo hapo, ama kwa kituo cha ardhini kilicho karibu au kupitia setilaiti nyingine ya kupokezana. Njia hiyo ya kupokezana ya Landsat 5 ilikufa mwaka 1992. Juu ya hayo, mwaka 1985 biashara ya picha ilikabidhiwa kampuni binafsi iitwayo EOSAT, na bei ya picha moja ikapanda hadi kufikia dola 4,400. Kampuni hupiga picha mahali penye wateja. Nani angelipa dola 4,400 kuangalia majani ya Kajiado?

Matokeo yake ni pengo. Ukitafuta 168/061 leo, utaona picha za miaka ya 1970, chache za katikati na mwisho wa miaka ya 1980, halafu ukame mpaka 1999. Na hebu angalia nini kilitokea Kitengela katika miaka hiyo hiyo. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Mwaka 1990 ikaja sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na EPZ ya Athi River ikaanza kuvuta wafanyakazi waliohitaji mahali pa kulala. Vipande vikauzwa, vikagawanywa tena, seng'enge zikaanza kupanda. Yaani muongo ambao ardhi ilibadilika zaidi ndio muongo ambao jicho la angani lilikuwa limefumba. Watafiti C. N. Mundia na M. Aniya walipochapisha mwaka 2005 uchunguzi wao kuhusu ukuaji wa jiji la Nairobi, walitumia picha za 1976, 1988 na 2000. Miaka 12 kati ya picha moja na nyingine! Kwa mtu wa kompyuta ni kama kuwa na nakala rudufu tatu tu za seva kwa miaka 24.

Landsat 7 ilirushwa tarehe 15 Aprili 1999, na hii ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe pamoja na mpango wa kupiga dunia nzima, mteja awepo asiwepo. Bei ikashuka hadi dola 600, karibu shilingi 45,000 kwa kiwango cha wakati ule. Miaka ya 2000 ungeweza kuingia kwenye tovuti za EarthExplorer na GloVis, ukaangalia picha ndogo ya mfano bure, ukapima mawingu kwa macho, halafu ukafunga dirisha kwa sababu ya bei. Kisha tarehe 31 Mei 2003 kifaa cha kusawazisha mistari kikaharibika, na tangu hapo kila picha ya Landsat 7 ikawa na michirizi mieusi iliyokula karibu asilimia 22 yake.

Kazi nzuri zaidi ya ramani za Kitengela katika kipindi hicho ilifanyika kwa miguu. Seng'enge haionekani kwenye pikseli ya mita 30, hata ungeikodolea macho mchana kutwa. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) walishirikiana na wenyeji, wakazunguka na vifaa vya GPS, wakachora nyua moja baada ya nyingine. Ramani ile ilionyesha wazi jinsi njia ya nyumbu ilivyokuwa ikizibwa. Ilikuwa na kazi ya haraka pia, kwa sababu tangu mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza, malipo yakigawanywa mara tatu kulingana na kufunguliwa kwa shule. Lazima ujue ekari ya nani iko kwenye njia kabla hujaandika hundi. Hata hivyo nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 walibaki elfu chache ilipofika 2011.

Halafu mambo mawili yakagongana kwa bahati. Marekani ilitangaza mwaka 2008 kwamba ghala lote la Landsat litakuwa bure, na kufikia mwanzoni mwa 2009 lilikuwa wazi. Kabla ya hapo zilikuwa zikitoka picha 53 hivi kwa siku kwa dunia nzima, baadaye zikawa 5,700. Mwaka huo huo wa 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa. Watu huusahau upande huu wa pili. Picha kamili ya Landsat 7 ikibanwa ni kama megabaiti 250. Kwa laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, hiyo ni karibu saa tisa bila kukatika hata mara moja. Picha ya bure ambayo huwezi kuipakua si bure.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe leo, EarthExplorer bado ipo. Fungua akaunti, kisha weka eneo: Kitengela ni kama -1.47, 36.96. Hiyo alama ya kutoa usiidharau. Ukiiacha utapelekwa Samburu, kati ya Maralal na Baragoi. Ukigeuza namba hizo mbili utaangukia baharini, kusini mashariki ya Hispania. Chagua Landsat, mkusanyo wa pili, kiwango cha pili, ambapo athari za hewa zimekwisha kusahihishwa. Weka kikomo cha mawingu asilimia 20 na uanze na Januari na Februari. Setilaiti hupita karibu saa nne na nusu asubuhi, na Julai saa hizo anga letu huwa limefunikwa kama blanketi.

Ukitaka kuona majani, chukua mkanda wa infraredi ya karibu, utoe mkanda mwekundu, ugawe kwa jumla ya hiyo miwili. Kwa Landsat 5 na 7 ni mkanda wa 4 na wa 3. Kwa Landsat 8 na 9 ni wa 5 na wa 4. Usipoangalia hapo utalinganisha 2000 na 2020 na kugundua ukame ambao haukuwahi kutokea. Kwa nyumba, hamia kwenye Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza mwaka 2015, zenye pikseli ya mita 10. Hapo ploti moja inapata pikseli nne na nusu, na unaweza kuona mabati yakitokea mwaka hadi mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 Kitengela, na mabati hayo yanawaonyesha.

Usitarajie picha hizi zikuambie nani mwenye shamba. Zinaweza kuonyesha kwamba mwaka fulani palikuwa na nyasi na mwaka uliofuata pana paa, basi. Mabroka wa ploti wanaotembea na picha iliyochapishwa rangi kama ushahidi wa "ardhi safi" wanauza karatasi.

Kuhusu lile pengo la miaka ya 1990, kuna jambo moja. Tangu mwaka 2010 Marekani imekuwa ikikusanya picha zilizokuwa zimelala kwenye vituo vya nchi nyingine na kuziingiza kwenye ghala, mamilioni kwa jumla. Kwa hiyo jibu la utafutaji wa zamani linaweza kubadilika. Weka 168/061, Januari 1989 hadi Desemba 1998, ondoa kikomo cha mawingu kabisa, na uangalie moja moja. Hata picha yenye mawingu nusu inaweza kuwa na tundu juu ya Isinya.