Mashine ya Kuosha Vyombo Homa Bay: Swali Ni Nani Yuko Kwa Karai

Wasee, leo tuongee kuhusu vyombo. Kila wiki lazima utapata video ya mtu akionyesha jikoni yake mpya: anafungua mlango wa mashine, anapanga sahani na vikombe, anabonyeza kitufe, anaenda kulala. Watu wanamshukia. Eti ni uvivu. Eti ni pesa ya kuchezea. Halafu inakuja ile yenye hupewa likes mingi: "Kwani mikono tuko nayo ya nini?"

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa nyumba nyingi hapa Homa Bay, hiyo mashine haifai pesa yake, si leo. Lakini hiyo sababu ya mikono ndiyo mbovu kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu huuliza swali linalofuata: mikono ya nani? Na hilo swali lina historia ndefu kuliko vile unadhani.

Tuanze na mwenye mashine. Anaitwa Josephine Cochrane, mama tajiri wa mji mdogo wa Shelbyville, Illinois, Marekani. Alikuwa na sahani za kauri za bei, na watumishi wake walikuwa wakizivunja kingo wakati wa kuosha. Ona hapo: shida haikuwa eti yeye amechoka kuosha. Aliyechoka alikuwa mtumishi, na hakuna aliyemtengenezea mtumishi kitu. Mwaka 1883 mume wa Cochrane akafa, akamwachia madeni, na lile wazo la nyumbani likageuka kuwa hasola ya kweli. Alipata hataza tarehe 28 Desemba 1886. Mwaka 1893 akaonyesha mashine yake kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na oda zikaja.

Oda za nani? Za hoteli na mikahawa. Nyumba za kawaida zilimkataa. Mashine ilitaka maji moto mengi kwa wakati mmoja, na nyumba nyingi za Marekani wakati huo hazikuwa nayo. Cochrane alifariki mwaka 1913 kabla ya kuiona ikiingia kwa majikoni ya watu wa kawaida. Hiyo ilikuja kushika miaka ya 1950, wakati mabomba, hita za maji na stima zilikuwa zimefika kila mahali, na mtumishi wa nyumbani amekuwa adimu na ghali. Weka hayo mambo mawili kichwani: mashine hufuata bomba, na huingia pale mikono ya bei rahisi imeisha.

Sasa turudi kwetu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zikaunganisha bandari za ziwa, Kendu Bay na Homa Bay zikiwemo. Serikali ya mkoloni ikaleta kodi ya nyumba, na kodi ililipwa kwa pesa, si kwa samaki wala mtama. Kwa hivyo vijana wa kiume kutoka upande huu wakapanda meli na treni kwenda kutafuta kazi: reli, mashamba ya chai na mkonge, na majikoni ya wazungu wa Nairobi.

Hapa ndipo stori inakuwa tamu. Wakati wa ukoloni, wafanyakazi wa nyumbani Kenya walikuwa wengi wao wanaume. Mpishi alikuwa mwanaume. Aliyefua alikuwa mwanaume. Aliyeosha sahani na glasi za mzungu, akazipangusa mpaka zikang'aa, alikuwa mwanaume mzima, pengine mwenye wajukuu, lakini aliitwa "boi". Mgongoni mwa nyumba kubwa alijengewa kachumba kake. Kale kachumba kapo mpaka leo. Ukitafuta nyumba ya kupanga Nairobi utaona tangazo limeandikwa SQ. Hiyo ni historia imesimama kwa matofali.

Huyo mzee alijua kuosha vyombo kuliko mtu yeyote kijijini: glasi kwanza, sahani baadaye, masufuria mwisho, maji ya kusuuza yabadilishwe. Akirudi likizo nyumbani, je, alishika karai? Hapana. Akiwa nyumbani, vyombo vilikuwa kazi ya wanawake, na ukimwuliza angekuambia ni mila. Lakini ile mila ilikuwa imeshindwa na mshahara kitambo. Kazi ikilipwa, mikono ya mwanaume iliiweza vizuri sana. Ikiwa ya bure, ghafla inakuwa ya msichana.

Na baada ya uhuru, kazi ya nyumba mjini ikahamia polepole kwa wanawake na wasichana, wengi wao kutoka mashambani. Yule "boi" akawa mboch. Jina lilibadilika, kachumba kakabaki, heshima haikuongezeka.

Msichana aliyebaki kijijini naye? Yeye alipewa ziwa. Kwa miaka mingi, kuosha vyombo kando ya Nam Lolwe kulimaanisha kubeba masufuria mpaka ufuoni, kuingia majini mpaka magoti, na kusugua masizi kwa mchanga ama jivu. Inapendeza kwa picha ya jioni, jua linazama, maji yanameta. Ndani ya hayo maji kuna konokono, na kwa konokono kuna vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama tu akisugua sufuria. Kisha miaka ya 1990 gugu maji likatanda kwa ghuba yetu, na mahali pengine kufika tu kwa maji safi kukawa kazi nyingine.

Halafu ikaja kipindupindu. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na watu 547 wakafa. Watafiti waliofuatilia mlipuko huo eneo hili waliona hatari ilienda sana na kunywa maji ya ziwa, kula pamoja na mgonjwa, na kula kwenye matanga. Sisemi sahani ndizo zilileta ugonjwa. Ninachosema ni kwamba nyumba ambayo maji yake ya kunywa yanatoka ziwani, ya kuosha vyombo hayatoki kwingine. Kabla uongee kuhusu mashine, ongea kuhusu bomba.

Najua kuna mjuaji ataniambia mashine huokoa maji. Ni kweli, lakini uliza ni maji ya nani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu wa Ulaya vyombo vya kutosha watu 12 waoshe kwa mikono. Kwa wastani walimaliza lita 103. Mashine ilitumia karibu lita 15. Baadhi yao huacha bomba likitiririka. Sasa niambie, nani hapa mtaani huacha bomba likitiririka? Hapa maji huja kwa mtungi wa lita 20, mengine yakibebwa na punda, na kila mtungi una bei. Tunaosha kwa karai moja, tunasuuza kwa nyingine, na maji yaliyobaki yanamwagiwa sukuma wiki. Msichana wa Homa Bay tayari amekaribia hiyo mashine ya Ujerumani kwa kuokoa maji. Tofauti ni kwamba yeye mgongo unamuuma.

Na mashine yenyewe iliundwa kwa chakula cha wengine. Inataka maji yenye presha kila inapowashwa, na karibu uniti moja ya tokeni kila mzunguko, na stima isipotee katikati. Sufuria ya kuon ya watu wanane inajaza trei ya chini peke yake. Ukoko wa ugali lazima uloweke kwanza. Masizi ya kuni hayatoki bila kusugua. Alumini inapoteza mng'ao kwa ile sabuni kali, na mwiko wa mbao hupasuka kwa joto. Ukimaliza kutoa vyote visivyoingia, umebaki na vikombe vya chai. Kwa makumi ya maelfu ya shilingi? Zii.

Kwa hivyo wale wanaosema haifai wako sawa kwa hesabu. Kosa lao ni kufunga mjadala hapo, kana kwamba mambo yako poa vile yalivyo. Utafiti wa serikali kuhusu matumizi ya muda, wa mwaka 2021, ulipata wanawake Kenya wanatumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wanaume ni asilimia 3.6. Hiyo ni kama mara tano. Piga hesabu ya hiyo tofauti kwa mtoto wa Form Three: kaka yake ako kwa simba yake anasoma, sahani imepelekwa ikiwa imejaa, na dada ndiye ataenda kuichukua ikiwa tupu. Asubuhi wote wawili wanafanya mtihani mmoja, na hakuna mwalimu ataongeza alama za karai.

Kuna mahali mashine inafaa hata hapa, na ni palepale Cochrane aliuza: hoteli za ufuoni zinazouza samaki mchana kutwa, hospitali, shule za bweni. Vyombo ni vingi, maji moto yana maana kwa afya, na kuna mtu analipwa kuisimamia. Mwenye hoteli akiniuliza, nitamwambia apige hesabu.

Kwa nyumba, pesa hiyo ivute bomba mpaka uani kwanza. Kisha tengeneza sinki ya kimo cha mtu kusimama, kichanja cha kuanikia kwa jua, na bandika zamu ukutani yenye majina ya wote waliokula, pamoja na yule wa simba. Hii ya mwisho haina gharama, na ndiyo italeta kelele nyingi kuliko zote.

Mzee aliyeenda Nairobi kuosha sahani za mzungu alirudi na mshahara, na huo mshahara ulisomesha watu. Hakuna aliyemcheka kwa sababu ya sabuni mikononi. Basi wewe kijana wa 2000s, mwenye hujawahi kuitwa "boi" na mtu yeyote, unaogopa karai ya mamako kwa nini? Leo usiku ukimaliza kula, usiache sahani hapo. Beba na ya dadako.