Kutwaa na Kuchukua: Habari za Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Katika kijiji tulichofundisha zamani palikuwa na zahanati ndogo, na mgawaji dawa wake alikuwa kijana aliyetoka shuleni karibuni, mwenye bidii nyingi ya Kiingereza. Siku moja akaja bibi mmoja mzee aliyeumwa na viungo. Kijana akasoma maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa juu ya chupa, akayafasiri papo hapo, akasema, "Bibi, chukua kidonge kimoja kila asubuhi." Kisha akaiweka chupa mezani. Bibi akatoa kidonge kimoja, akakifunga katika pindo la kanga yake, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake alfajiri akarudi kwa miguu, mwendo wa saa mbili, akasema, "Mwanangu, nimekuja kuchukua cha leo." Kijana akamwuliza kama kile cha jana kimemfaa. Bibi akafungua pindo, na kidonge kilikuwamo kizima. "Uliniambia nichukue," akasema, "hukuniambia ninywe."

Tulipohadithiwa kisa hiki tulicheka. Baadaye tukaona haya, maana kijana yule alikuwa mwanafunzi wetu, na sisi wenyewe ndio tulioandika ubaoni kwamba "take" ni chukua. Basi tangu siku hiyo tukaanza kuuliza habari za kitenzi hiki: kilitoka wapi, na kwa nini kina maana nyingi namna hii. Tuliyoyapata twayaweka hapa mbele ya walimu wenzetu.

Kwanza, wingi wa maana zake si jambo la kubuniwa. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza katika mwaka 1755, kwa neno hili moja aliandika maana 134, zikajaza kurasa tano. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1928, ililipa nafasi kubwa zaidi neno "set". Na wenye kuisahihisha kamusi hiyo katika siku zetu walipofika mwaka 2011 walikwisha kuhesabu maana 645 za kitenzi "run". Twaona basi kwamba maneno yenye maana nyingi kuliko yote si yale marefu ya wenye elimu. Ni yale mafupi ya jikoni, shambani na sokoni, ambayo mtoto huyajua kabla hajaingia darasani. Wala lugha yetu haikosi ya namna hiyo. Mtu hupiga ngoma, hupiga magoti, hupiga hema, hupiga pasi, hupiga mbizi; na katika mengi ya hayo hakuna kitu kilichopigwa.

Sasa tusikilize habari yenyewe, ambayo wengi hustaajabu wakiisikia: neno "take" si la Waingereza kwa asili. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao, "niman", lenye maana ya kutwaa. Ndugu zake wangali hai: Wajerumani husema "nehmen", na Waholanzi "nemen". Tena walikuwa na neno la pili, "fon", la kukamata kwa nguvu. Kwa maneno hayo mawili walitimiza haja zao zote miaka mamia.

Ndipo walipokuja watu wa kaskazini kwa merikebu, kutoka Denmaki na Norwei. Mwaka 793 waliteka nyara nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa, na mara hiyo wengi hawakurudi kwao. Mfalme Alfred aliwashinda vitani mwaka 878, walakini hakuweza kuwafukuza wote. Wakabaki mashariki na kaskazini ya nchi, wakalima, wakaoa, wakauza na kununua. Miji ambayo majina yake huishia kwa "by", kama Derby, Whitby na Grimsby, yatuonyesha mahali walipokaa. Mwaka 1016 Mdenmaki, jina lake Cnut, akawa mfalme wa Uingereza yote, akatawala hata alipokufa mwaka 1035.

Watu hao walisema lugha iliyokuwa karibu na Kiingereza cha siku zile, kama lugha za makabila mawili jirani ambao husikizana nusu kwa nusu. Neno lao la kutwaa lilikuwa "taka". Na wataalamu hutuambia kwamba katika jamaa ya lugha zile maana yake ya mwanzo ilikuwa ndogo: kugusa kwa mkono, ndivyo lilivyo katika Kigothi cha kale. Kutoka kugusa likawa kushika. Kutoka kushika likawa kutwaa. Mwishoni mwa karne ya 11 twaliona limekwisha kuingia katika maandishi ya Kiingereza. Polepole likashuka kusini. Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, alipoandika katika Kiingereza cha London, neno lake la kawaida lilikuwa "take". Neno la baba zao, "niman", ambalo siku hizo lilikuwa limefupika kuwa "nim", likazidi kupungua, hata katika karne ya 15 likawa karibu kutoweka katika usemi wa kawaida.

Lilipatwa na nini basi? Lilianguka daraja. Katika karne ya 17 lilikuwa neno la wezi, maana yake kuiba. Shakespeare alimwita askari mmoja mwizi katika michezo yake Nym, na watazamaji wakalielewa jina. Na katika mchezo wa Mfalme Henry wa Tano twasikia kwamba alinyongwa. Masalio mengine mawili yangali yakitumika, lakini Waingereza wenyewe wamesahau asili yake. La kwanza ni "numb": sisi twasema mguu umekufa ganzi, wao walisema umetwaliwa. La pili ni "nimble", mtu mwepesi, yaani aliye mwepesi wa kutwaa. Na "fon" limeacha jino tu, jino la nyoka na la mbwa, ambalo huitwa "fang" kwa kuwa ndilo linalokamata.

Hivyo neno moja la kigeni lilirithi kazi za maneno mawili ya wenyeji, na kila kazi likaiongeza juu ya ile iliyotangulia. Mkono uliogusa ukashika, ulioshika ukainua, ulioinua ukaondoa, ulioondoa ukapeleka, na uliopewa ukapokea. Kisha akili ikafuata njia ya mkono. Mtu akielewa maneno ya mwenzake, kwa Kiingereza ameyatwaa. Akikubali shauri, amelitwaa. Na safari ya siku tatu husemwa kwamba inatwaa siku tatu. Hayo yasitushangaze, maana shika letu limekwenda njia ile ile. Twashika jembe, twashika njia, twashika amri, twashika dini, na homa nayo hutushika.

Baada ya mwaka 1066 Wafaransa wa Normandia walipoitawala Uingereza, wakaja na maneno yao, na wanavyuoni baadaye wakaongeza ya Kilatini. Kwa hiyo leo Mwingereza ana "receive" la kupokea, "accept" la kukubali, "seize" la kunyakua, "capture" la kuteka, "remove" la kuondoa, na kila moja kati ya hayo laweza kusimama mahali pa "take" kwa maana moja tu. Huitwa maneno ya maana moja, lakini si kweli kwamba yako sawasawa. Hayo yalitoka katika nyumba ya mfalme, mahakama na chuo. "Take" lilitoka shambani. Mwingereza akitaka kusema kwa heshima au kwa sheria, hupanda kwenda kwa yale. Akisema na mtoto wake, hurudi kwa hili.

Basi, mwalimu anapoandika ubaoni neno moja la Kiswahili mbele ya "take", afanya nini? Ataka kupakia karne kumi za watu wengine katika kikapu kimoja. Waliofasiri Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 hawakufanya hivyo. Asili ya Biblia si Kiingereza, twajua. Lakini tukiiweka kando ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, twaona jambo la kufundisha. Pale Waingereza waliposema "take" juu ya mkate wa karamu ya mwisho, Kiswahili husema twaa. Juu ya msalaba wa mwanafunzi, husema jitwika. Juu ya nira, husema jitia. Juu ya jina la Mungu katika amri kumi, husema taja. Juu ya mashaka ya chakula na mavazi, husema sumbukia. Na juu ya Mwana-kondoo na dhambi ya ulimwengu, husema chukua. Hayo ni maneno sita kwa moja, na hakuna hata moja linaloweza kuhamishwa mahali pa jingine bila kuharibu maana. Mwenye kujitwika ana mzigo kichwani au begani. Mwenye kutwaa ana kitu mkononi.

Na hapo twafika kwenye jambo linalotuhusu zaidi. Maana asili ya chukua ni kubeba. Askofu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, twaa ndilo lililokuwa neno la kutwaa, na chukua lilikuwa la kubeba mzigo na kuhimili. Lugha yenyewe yashuhudia. Mchukuzi si mtu anayetwaa vitu vya watu. Ni yule wa misafara aliyebeba mizigo kutoka bara mpaka pwani. Uchukuzi ni kazi ya magari, reli na meli. Twauliza chombo chachukua watu wangapi. Mtoto mwema huwachukua wazee wake, yaani huwatunza. Na watu wakivumiliana, twasema wanachukuliana. Katika yote hayo pana mzigo.

Leo chukua limeenea. Katika mazungumzo ya mijini, na ya vijana wengi wa vijijini pia, ndilo lililoshika mahali pa twaa. Kwa sehemu hilo si kosa la mtu. Kubeba na kutwaa ni majirani, kwa kuwa mwenye kubeba hutwaa kwanza, na maneno ya majirani huingiliana nyumba. Lakini kwa sehemu ni kazi ya ubao wetu. Twasikia kuchukua mtihani badala ya kufanya mtihani, kuchukua picha badala ya kupiga picha, kuchukua dawa badala ya kunywa dawa. Haya hayakutoka kwa wachukuzi wa misafara. Yalitoka kwa mwanafunzi aliyefundishwa neno moja kwa neno moja.

Twaa lenyewe halijafa. Lakini mtazame lilipo: limebaki katika ibada; limebaki katika sheria, kama ile Sheria ya Utwaaji Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1967; na katika magazeti limebaki uwanjani, ambapo timu hutwaa kombe. "Nim" la Waingereza lilishuka likaangukia kwa wezi. Twaa letu limepanda likakaa katika kanisa, mahakama na ushindi. Hata hivyo jambo ni moja. Neno lililokuwa la kila siku likipewa viti vitatu vya heshima, limekwisha kuondolewa jikoni.

Je, tufanye vita juu ya chukua? La. Waingereza hawakuiacha lugha yao kwa sababu walitwaa kitenzi cha watu wa kaskazini. Walikipokea kwa ndoa na biashara, wakakifanya chao. Lugha iliyo hai hubadilika, na mwalimu mwenye kugombana nayo huachwa nyuma peke yake. Lakini iko tofauti kati ya neno lililobadilishwa na majirani katika miaka mamia, na neno lililofifizwa na ubao katika muda wa maisha ya mtu mmoja. La kwanza hatuna amri nalo. La pili tutaulizwa sisi.

Kwa hiyo sisi tumeacha desturi yetu ya zamani. Hatuandiki tena "take" peke yake. Twaandika sentensi kumi za Kiingereza zenye neno hilo, ya dawa, ya mtihani, ya mzigo, ya mji uliotekwa, ya zawadi iliyopokewa, ya safari ya siku tatu. Kisha twawaambia wanafunzi wafunge daftari, waseme kila jambo kama wangalivyomwambia bibi yao nyumbani. Mara nyingi hupata maneno saba au manane ya Kiswahili, na twaa huja lenyewe pasipo kuitwa. Kazi hiyo yachukua kipindi kizima. Naam, tumeandika yachukua, nasi hatuoni haya, maana kipindi nacho ni mzigo. Bali kidonge hunywewa.