Pompi ya esansi: anza na nini kama franga ni kidogo

Kwenye gari za injektori, pompi ya umeme inakaa ndani ya tangi, na esansi yenyewe njo inaipoza. Kutembea kila siku na tangi karibu tupu kunaiunguza. Kwenye mlima inavuta hewa, moteri inazimika.

Mbele ya kununua pompi mpya, osha tangi na ubadilishe filta, zaidi kama unauziwaka na wakadafi: maji na mchanga vinakaa chini. Kisha fundi apime presha. Injini nyingi zinaomba karibu bari 3.

Kwa mipira, hapana kubania franga. Ile ya karburateri ilitengenezwa kwa presha ndogo, mara nyingi chini ya bari 0,5. Ikipasuka, esansi inamwagika juu ya moteri yenye moto.