Redio ya Gari la Mjomba

Nyuma ya nyumba yangu hapa Songea, chini ya mwembe, limeegeshwa gari aina ya Land Rover lililoundwa mwaka 1964. Lilikuwa la mjomba wangu, mfanyabiashara wa mahindi na tumbaku, na alipofariki liliniangukia mimi. Hivi karibuni mwanangu wa mwisho alikuja likizo kutoka Dar es Salaam, akaleta redio mpya, spika nne na kikuza sauti.

"Baba," aliniambia, "hicho kisanduku cha zamani tukitoe. Tutakata dashibodi kidogo tu, hii iingie."

Siku hiyo sikumjibu. Historia ya kisanduku kile ina umri mkubwa kuliko wake, nami nilitaka aijue kwanza.

Redio ndani ya gari si jambo la jana. Mwaka 1930, mjini Chicago, Marekani, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walitoa redio ya gari waliyoiita Motorola. Mwaka 1932 kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani nayo ikatoa ya kwake. Redio za siku hizo zilitumia valvu za kioo. Zilikuwa nzito, ghali, na zilikula betri. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ndiyo iliyokuja kuzipunguza ukubwa. Ya mjomba ilikuwa ya transista, yenye masafa ya kati na masafa mafupi, na spika moja yenye upana wa kisahani cha chai.

Kwetu sisi haikuwa starehe tu. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ukawa Radio Tanzania. Barabara ya kutoka Makambako ilikuwa ya vumbi mpaka ilipowekwa lami miaka ya 1980, hivyo gazeti lilitufikia habari zake zikiwa zimepoa. Redio ndiyo iliyotuletea habari siku ile ile. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, tarehe 2 Novemba 1978, tulilizunguka gari lile watu kama thelathini, milango yote wazi. Mdogo wangu alisimama karibu na taa ya mbele, mikono kifuani. Wiki chache baadaye aliondoka kwenda jeshini. Hakurudi.

Baadaye ikaja miaka ya uhaba wa mafuta, ambapo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari likalala chini ya mwembe, lakini redio haikulala. Majirani walikuja na vigoda vyao kusikiliza mpira, na jioni tulilisukuma gari ili liwake, maana betri ilikuwa imekwisha.

Mwaka 1996 Radio Maria ilianza kurusha matangazo ya FM kutoka hapa hapa Songea. Redio ya mjomba haikuwa na FM. Nikanunua redio ya kaseti iliyotumika, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa sayansi, nikaona sihitaji fundi. Kumbe katika magari mengi ya Kiingereza ya zama zile ncha chanya ya betri ndiyo iliyoungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Nami sikupima. Nikaunga waya mweusi kwenye bodi, nikawasha. Ulitoka moshi mwembamba na harufu ya plastiki, na mshahara wangu wa mwezi ukaishia hapo. Mwalimu mkuu mzima, aliyewachapa wanafunzi kwa kutosoma swali kabla ya kujibu!

Mara ya pili nilimwita fundi, nikakaa kimya nijifunze. Aligeuza betri, akabadilisha nyaya za koili, kisha akagusisha waya kwenye dainamo kwa nukta moja ili sumaku yake ifuate mkondo mpya. Alifunga kapasita kwenye dainamo ili kuua mlio uliopanda na kushuka pamoja na injini. Milango ya gari hilo ni ya bati jembamba la aluminiamu, haina nafasi ya spika, kwa hiyo tulizitia katika sanduku la mninga nyuma ya viti. Redio ya mjomba ilikuwa na swichi ya kugeuza chanya na hasi. Tukaigeuza, ikabaki mahali pake.

Tarehe 14 Oktoba 1999 Rais Mkapa alitangaza kuwa Mwalimu amefariki dunia huko London. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na siku hiyo haukuwepo. Nilisogeza gari uwanjani. Walimu na wanafunzi wakalizunguka, kama tulivyolizunguka sisi miaka ishirini na moja nyuma.

Sidai kwamba ya zamani ilikuwa bora. Ilikwaruza, na mvua ikinyesha ilinguruma kuliko mtangazaji. Kila tulipoiboresha sauti ilizidi kuwa safi. Lakini nimeona pia kwamba wasikilizaji walipungua: kwanza kijiji, kisha familia, na sasa mtu mmoja aliyefunga vioo.

Hayo nilimweleza mwanangu, naye alikuwa tayari ameshika mashine ya kutobolea. Baba yake mdogo alimjua kwa picha moja tu ya ukutani. Aliiweka mashine chini, akalitazama gari kwa muda.

"Alisimama taa ya upande gani?" akauliza.

Nikamwonyesha. Redio mpya tumeifunga chini ya kiti, na dashibodi haikukatwa. Siku ya kuijaribu, kabla ya kuiwasha, alikwenda mwenyewe akafungua milango yote.