Katharine Hepburn: nyota wa sinema aliyefanya kazi Ubundu, na wale ambao majina yao hayakuandikwa

Tarehe 29 Juni 2003 Katharine Hepburn alifariki nyumbani kwake katika jimbo la Connecticut, Marekani. Alikuwa na miaka 96. Redio na televisheni za dunia nzima zilimtaja kama mmoja wa waigizaji wakubwa wa karne ya 20. Huku kwetu masikio yalikuwa kwa habari zingine. Bunia ilikuwa inawaka, na Kinshasa serikali ya mpito ya 1+4 ilikuwa inaundwa. Kifo cha mama mmoja mzee wa Marekani kilipita bila watu wengi kujua.

Lakini yule mama alifanya kazi huku mashariki. Mwaka 1951 alikaa katika msitu wa Ubundu, kwenye mto Ruiki, akiigiza filamu ambayo mpaka leo watu wanaiangalia. Kila mwaka mwezi wa sita ukifika, wapenda sinema wanakumbuka siku aliyofariki. Sisi pia tuna sababu yetu ya kuikumbuka.

Alikuwa nani?

Katharine Hepburn alizaliwa tarehe 12 Mei 1907, mji wa Hartford. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura, na binti alichukua ile roho ya kutokuinama. Alivaa suruali wakati Hollywood ilitaka wanawake wavae gauni, alijibu waandishi wa habari vile alivyotaka, na kwenye sherehe za kupewa tuzo hakupenda kwenda.

Tuzo zenyewe zilimfuata hata vile. Alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike mara 4: kwa filamu Morning Glory, Guess Who's Coming to Dinner, The Lion in Winter na On Golden Pond. Ya kwanza ilikuwa ya filamu ya 1933, ya mwisho ya filamu ya 1981. Hakuna mwigizaji mwingine, mwanamke ao mwanaume, aliyefikisha Oscar 4 za mwigizaji mkuu. Mwaka 1999 taasisi ya filamu ya Marekani ilipopanga orodha ya nyota wa zamani, ilimweka yeye wa kwanza kwa wanawake. Wa kwanza kwa wanaume alikuwa Humphrey Bogart.

Kumbe hao wawili, namba moja na namba moja, walicheza filamu moja tu pamoja. Na sehemu kubwa ya ile filamu ilipigwa huku kwetu.

Filamu yenyewe

Inaitwa The African Queen, maana yake Malkia wa Afrika, na hilo ni jina la mashua. Ilitoka katika riwaya ya Mwingereza C. S. Forester ya mwaka 1935. Mwongozaji alikuwa John Huston.

Hadithi inaanza mwaka 1914, katika koloni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki. Wadachi, vile wazee wetu wanavyowaita, wanachoma kijiji cha misioni. Mmisionari anakufa, na dada yake Rose anabaki peke yake. Anachukuliwa na Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye kamashua kake ka moshi. Rose anamwambia: tushuke huu mto mpaka ziwani, tukazamishe meli ya vita ya Wadachi. Charlie anaona huyu mama amepata wazimu. Safari yao katika maporomoko, mbu na matope ndiyo filamu.

Hepburn ndiye Rose, Bogart ndiye Charlie. Mwanzoni Hepburn alikuwa anamcheza Rose kwa uso mkavu mno. Huston akamshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, vile alivyokuwa akitembelea askari waliojeruhiwa huku anatabasamu. Hepburn alisema baadaye kwamba ulikuwa ushauri bora kuliko yote aliyowahi kupewa na mwongozaji. Bogart alipata Oscar kwa filamu hii, moja tu katika maisha yake yote. Hepburn alitajwa kwenye orodha lakini hakushinda mwaka ule.

Kambi ya Ruiki

Wakati ule Kisangani iliitwa Stanleyville, na Ubundu iliitwa Ponthierville. Kutoka Stanleyville kundi la Huston lilichukua treni, ile reli ya kilomita 125 ambayo Wabeleji walijenga kuzunguka maporomoko ya Lualaba. Kisha wakaingia msituni mpaka Biondo, karibu na Ruiki, mto unaomwaga maji yake katika Lualaba. Kambi ilijengwa kwa miti na majani.

Kazi ilikuwa nzito. Kamera ya rangi ya miaka ile ilikuwa kubwa sana na mashua ilikuwa ndogo, haikuweza kubeba waigizaji, kamera na taa pamoja. Kwa hiyo walitengeneza vyelezo juu ya mitumbwi: kimoja chenye sehemu ya mashua iliyoigwa, kingine cha kamera, kingine cha mashine ya umeme. Hepburn alikuwa na chake cha kubadilishia nguo, lakini msururu ulikuwa mrefu mno kwa ule mto wenye makona, wakakiacha. Siku moja mashua ilizama, ikabidi ivutwe kutoka chini ya maji. Siafu waliingia kambini usiku.

Tena kulikuwa na maji. Huston na Bogart walikunywa wiski na kula vyakula vya kopo. Hepburn, aliyechukia ulevi wao, alikunywa maji mengi, kama kuwafundisha adabu. Ni yeye aliyepata kuhara damu, na wengi katika kundi waliugua pia. Katika ile sehemu ya kanisani, ambapo Rose anapiga kinanda, ndoo iliwekwa karibu naye juu ya kutapika kati ya picha moja na nyingine. Walioko Goma wanaochota ziwani wanaelewa hili bila kuelezwa: pombe siyo dawa, ni maji yasiyo safi yaliyomwangusha. Lauren Bacall, mke wa Bogart na yeye pia nyota wa sinema, alifuata mume wake mpaka msituni, akasaidia kupika na kuangalia wagonjwa.

Baada ya Ruiki walivuka kwenda Uganda. Huko walipiga picha Butiaba, kwenye ziwa Albert, ng'ambo ya Ituri yetu, na kwenye maporomoko ya Murchison. Zile sehemu ambazo waigizaji wanaingia ndani ya maji zilipigwa studio London, kwa kuogopa magonjwa ya mtoni. Mwaka 1987 Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya ile safari. Katika jina la kitabu anasema alienda Afrika na wale wenzake, na kidogo tu apoteze akili.

Nyuma ya filamu kuna historia yetu

Wengi wanaangalia The African Queen kama hadithi ya mapenzi. Lakini Forester alichukua wazo katika vita vya kweli vilivyofanyika ziwa Tanganyika, Kalemie ikiwa katikati.

Mwaka 1915 Wadachi walitawala lile ziwa. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwa vipande, ikaletwa katika masanduku kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa treni mpaka Kigoma. Waingereza walijibu kwa kuleta mashua 2 ndogo, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume huko Katanga. Kutoka pale zilivutwa porini na milimani, kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Zikapita Lualaba, zikapanda tena treni, zikafika Lukuga, Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ndogo ya Wadachi, Kingani. Mwezi wa pili 1916 zikazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Ile kubwa, Götzen, hazikuizamisha. Ni Wadachi wenyewe walioizamisha mwezi wa saba 1916 walipokuwa wanakimbia Kigoma, mashine zikiwa zimepakwa grisi ili zisiharibike. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la MV Liemba. Wakimbizi wetu wa 1997 waliorudishwa kutoka Tanzania wanaijua. Mwaka 2015 ilibeba Warundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Kwa hiyo katika filamu meli ya Wadachi inakwenda chini, lakini ya kweli iliendelea kubeba watu wa maziwa makuu miaka mia moja baadaye.

Na jina lake? Gustav Adolf von Götzen ni yule Mdachi aliyefika ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo mwaka 1894. Mlima unaotutisha hapa Goma na meli iliyozaa hadithi ya Hepburn vinakutana katika mtu mmoja.

Usimchanganye na Hepburn mwingine

Watu wanazoeaka kuchanganya majina. Audrey Hepburn hakuwa ndugu ya Katharine. Huyu alizaliwa Brussels tarehe 4 Mei 1929. Ajabu ni kwamba yeye pia alikuja Kisangani. Mwaka 1958 alipiga picha za The Nun's Story, filamu ya Fred Zinnemann juu ya sista muuguzi Mbelgiji anayetumwa Kongo. Filamu ilitoka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Sehemu ya picha zilipigwa Yakusu, ambako wagonjwa wa ukoma walitunzwa. Kuanzia 1988 Audrey alitumikia UNICEF. Septemba 1992 alikwenda Somalia wakati wa njaa, na tarehe 20 Januari 1993 alifariki Uswisi kwa kansa, miaka 63.

Hepburn wawili, hawana undugu, na wote wawili walifanya kazi katika jimbo ambalo leo ni Tshopo, miaka 7 kati yao.

Nani hakuandikwa?

Tukimkumbuka Katharine Hepburn, tunapata kila kitu chake: tarehe, tuzo, barua, picha, hata alichokunywa. Mashua yenyewe, iliyojengwa Uingereza mwaka 1912, inatunzwa Florida, na watalii wanalipa kuipanda. Lakini jaribu kutafuta jina la aliyejenga kambi ya Biondo. Nani aliyekata miti ya vile vyelezo? Nani alivuta kamba siku mashua ilizama? Nani walikuwa wanawake waliopikia kambi? Katika filamu yenyewe watu weusi wanaonekana kanisani wakiimba wimbo ambao hawaujui, kisha wanatoweka, na hadithi inaendelea bila wao.

Waliosimulia ni wa upande mmoja. Huston alipenda kueleza kwamba mwindaji aliyeletea kambi nyama alikamatwa kwa kuwapa nyama ya watu. Hadithi kama ile inachekesha mezani Ulaya, lakini wa Ubundu hakuulizwa neno lake. Tena, wakati wa Wabeleji, Mkongomani hakuruhusiwa kuangalia filamu ambayo tume ya serikali haikukubali kwa wenyeji. Mtu aliweza kubeba kamera asubuhi, halafu mlango wa sinema ukafungwa mbele yake jioni.

Leo wengi wetu tukisikia Ubundu tunafikiria 1997, wakimbizi waliokwama na kufa kando ya ile reli. Ile kumbukumbu haiwezi kufutwa, na haitakiwi kufutwa. Lakini mahali pakibaki na kumbukumbu moja tu, watoto wa pale wanakua wakifikiri hakuna kingine kilichowahi kutokea kwao.

Hepburn mwenyewe alifanya jambo la maana: aliandika. Alingoja miaka 36, lakini aliandika. Sisi hatuna tena miaka 36 ya kungoja. Kijana wa miaka 20 aliyefanya kazi Ruiki mwaka 1951, kama angali hai, amepita miaka 90. Mtoto wa miaka 10 aliyesimama ukingoni akiangalia wazungu na mashine zao amepita 80. Wakiondoka hao, itabaki ya Huston tu.

Kwa hiyo aliye na babu ao bibi kutoka Ubundu, Biondo ao Yakusu, amkalishe chini. Amuulize kambi ilikuwa wapi, walilipwa nini, walicheka nini, nani aliugua, nani alizama. Arekodi kwa simu, aandike jina la mzee, la kijiji na tarehe ya mazungumzo. Akimaliza, amwonyeshe ile filamu. Pengine mzee ataona mtu anayemjua.