Usipoziba ufa: namna ya kutibu mapengo madogo ya boti za faiba

Katika maji ya Mji wa Kale, kuanzia chini ya Ngome ya Yesu, kupita Bandari ya Kale hadi hori ya Tudor, boti za faiba zimechukua sehemu ya kazi iliyokuwa ya mashua na ngalawa. Sifa yake kubwa ni kwamba faiba haiozi. Ni kweli haiozi kama mbao, lakini hunywa maji, na mara nyingi maji hayo huingilia kwenye pengo lisilozidi sarafu ya shilingi.

Wazee wetu walikuwa na ada yao. Chombo kilipandishwa pwani, kikatiwa kalafati ya pamba, kikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Hawakungoja kivuje. Faiba haina ada hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopotea: tunaiangalia siku ya matatizo tu.

Hatari iko wapi

Boti ya faiba ni matabaka ya nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya jelikoti, karibu nusu milimita, ambayo ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya maji. Ikimeguka kwa jiwe la matumbawe au kwa nanga, maji hufuata nyuzi na kusambaa ndani. Baadaye utaona malengelenge, matabaka yataachana, na boti itakuwa nzito na kula petroli zaidi. Baya kuliko yote ni maji kufika kwenye mbao iliyozikwa ndani ya tezi, pale mashine inapofungwa. Mbao hiyo ikioza, mashine inaweza kung'oka mkiwa nje ya mwamba.

Kupandisha na kukausha

Chagua siku za bamvua. Kwetu Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo hupita mita 3, kwa hivyo boti hupanda juu kabisa na maji madogo hayaifikii. Iache hapo hadi bamvua lijalo, yaani karibu wiki 2, na muda huo utautumia kuikausha. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo mizuri. Epuka masika.

Osha kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi. Gonga kwa sarafu pande zote za pengo: mlio mkali ni dalili ya uzima, mlio mzito ni dalili kwamba matabaka yameachana. Kisha toa vipande vilivyolegea na usugue kingo kwa msasa namba 80.

Usizibe pengo lenye unyevu, maana utakuwa umefungia maji ndani. Jioni bandika kipande cha nailoni angavu juu ya pengo, ukizibe kingo zote kwa tepu. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, endelea kukausha.

Kuziba

Kama ni mchubuko wa jelikoti tu, futa kwa asetoni, kisha changanya jelikoti na hadina, dawa ya kugandisha. Kwa joto letu mimi huanza na mililita 1 ya hadina kwa gramu 100 za jelikoti, ambayo ni karibu asilimia 1. Usipunguze chini ya hapo, haitaganda sawasawa. Changanya kidogo kidogo, kwani kwa jua letu unaweza kuwa na dakika 10 hadi 15 tu. Jaribu rangi kwanza pembeni: nyeupe ya boti kuukuu si nyeupe ya kopo.

Jaza mpaka ipande kidogo juu ya usawa, kisha funika kwa nailoni, kwa sababu jelikoti ya kawaida hubaki ikinata inapoguswa na hewa. Ikishaganda, sugua kwa msasa wa maji namba 400, 600, hadi 1200, umalizie kwa nta.

Kama nyuzi zimekatika, jelikoti peke yake haitoshi. Legeza kingo kwa mlalo, milimita 12 za upana kwa kila milimita 1 ya kina, ujaze kwa vipande vya mkeka wa faiba na rezini kabla ya jelikoti. Ukitumia epoksi, malizia kwa rangi, kwa kuwa jelikoti haishiki vizuri juu yake. Na puti ya magari usiitumie chini ya mstari wa maji. Hunywa maji kama sifongo.

Tahadhari

Hadina ikiruka machoni inaweza kupofusha. Vaa miwani na glavu, na barakoa wakati wa kusugua. Iweke mbali na jua na watoto. Tandika turubai ili vumbi lisiingie baharini: huko Uingereza watafiti wamekuta vipande vya faiba ndani ya chaza, na sisi chakula chetu kinatoka maji haya haya.

Pengo lililozidi kiganja, nyufa zilizotawanyika kama nyota, au lolote lililo kwenye tezi na mkuku, mpe fundi anayejua.

Ngome yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 juu ya mwamba, imeliwa na mawimbi chini yake hadi ikabidi kujengwa ukuta wa kuyazuia. Ikiwa mwamba huchakaa, seuze nusu milimita ya jelikoti! Kila bamvua, izunguke boti yako ukiwa na sarafu mkononi. Kazi ya kuigonga haifiki nusu saa, na hiyo boti inabeba roho za watu.