Kilele cha mahitaji
Wahandisi wa umeme wana istilahi inayotaja kiwango kikubwa kabisa cha umeme ambacho wateja wote huvuta kwa wakati mmoja. Tanzania hukiita mara nyingi "mahitaji ya juu", na msomaji hudhani kinachotajwa ni wingi wa umeme unaotumika kwa mwezi au kwa mwaka. "Kilele cha mahitaji" hufaa zaidi, maana kilele hufikiwa kisha hushukwa. Tofauti hiyo ina uzito sasa, kwani serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na sehemu ya majiko yao itakuwa ya umeme.

Tuchukue majiko ya presha ya umeme milioni moja, kila moja likivuta kilowati moja. Kila jiko likila nusu uniti, yaani nusu kilowati-saa, kuivisha maharage, yote yatakula uniti 500,000, ambazo Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, huweza kuzifua kwa takriban robo saa mitambo yote tisa ikizunguka. Lakini yakiwashwa pamoja saa moja jioni, yatadai megawati 1,000 papo hapo, karibu nusu ya uwezo wa bwawa zima. Atasema mtu kwamba hayawezi kuwashwa yote kwa dakika moja. Ni kweli, tena jiko la aina hii hupumzika likishapata presha. Hata hivyo jioni ndiyo saa ya taa, televisheni na chakula, na hata theluthi ya majiko hayo itaielemea transfoma ya mtaa iliyofungwa kwa hesabu ya taa na friji. Ziada ya umeme iliyopo kwenye bwawa hilo la Rufiji haiufikii mtaa ambao transfoma yake imezidiwa.

Hayo hayatoshi kuturudisha kwenye mkaa, ambao joto lake jingi hupotea bila kugusa sufuria. Kinachohitajika ni kusogeza saa. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya kuchaji vyombo vya moto vya umeme, ikipungua kwa nusu nje ya saa za kilele. Maharage nayo huweza kuiva mchana. Mteja wa nyumbani wa LUKU, mfumo wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, hata hivyo, hulipa bei ileile ya uniti saa nane usiku na saa moja jioni, kwa hiyo hana sababu ya kusubiri. Bei hiyo ibadilishwe kabla ya kujenga mtambo mwingine.